Kibarua wa Moto: Nani Huzima Moto Mbeya na Mufindi, na Nani Hulipia Kusubiri

Kiangazi kikikolea, simama Mafiati usiku utazame juu kuelekea mlima Loleza. Mara nyingi utaona mstari mwekundu ukitambaa mlimani. Ndicho kipindi ambacho vijana mitaani huanza kuulizana kama zimamoto ya jiji inachukua vibarua. Swali lina mantiki yake. Moto una msimu, na jiji huchukua vibarua wa kufagia barabara na kuzibua mitaro. Kwa nini basi lisichukue na wa kushika mpira wa maji kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba, kisha likawaaga?

Kwa ufupi, Jiji la Mbeya halina zimamoto. Gari jekundu linalokatiza Mwanjelwa kwa ving'ora ni mali ya Serikali Kuu, na aliyemo ndani yake ni askari, si mtumishi wa jiji. Hata hivyo kibarua wa moto yupo, kila kiangazi, katika Nyanda hizi za Juu Kusini. Ila hayuko mjini, na mara nyingi hata mwenyewe hajiiti zimamoto.

Jiji lilipokabidhi magari

Haikuwa hivi siku zote. Zamani kuzima moto mijini ilikuwa kazi ya halmashauri, sawa na masoko na taka. Kila mji ulikuwa na kikosi chake kwa kadiri ya mfuko wake, na mfuko ukiwa mdogo, kikosi nacho kilikuwa kidogo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya mwaka 2007, ikaviweka vikosi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wizara ile ile yenye Polisi, Magereza na Uhamiaji. Tangu hapo Zimamoto ni jeshi kamili: lina kamishna jenerali, vyeo, magwanda na saluti. Anayeingia chini kabisa huanza konstebo, na mafunzo yake huwa ya kiaskari kabla hayajawa ya moto. Jeshi lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni mkoani Tanga.

Mfumo wa namna hiyo hauna nafasi ya deiwaka. Huwezi kumvalisha mtu magwanda Jumatatu ukamvua Ijumaa kwa sababu mvua imenyesha. Ajira hutangazwa kitaifa, maombi hutumwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa jeshi lenyewe, na kijana wa Tukuyu akifaulu anaweza kupangiwa Mtwara au Kigoma. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia ana nafasi za "zimamoto wa muda" hapa mjini, umpe laki mbili akuunganishe, huyo anakula hela yako. Nafasi za jeshi haziuzwi, na hizo za muda anazokutajia hazimo katika mfumo.

Vipo viwanda, maghala ya mafuta na mahoteli yenye watu wao wa usalama wa moto. Wengi wa hawa wana kazi nyingine ya kila siku, mlinzi au fundi umeme, na kuzima moto ni jukumu la pili. Ni waajiriwa wa kampuni kama waajiriwa wengine, kwa hiyo sitakaa nao sana.

Jambo linalosahaulika ni kwamba jiji lilikabidhi magari, halikukabidhi moto wote. Soko la Mwanjelwa liliteketea Desemba 2006. Agosti 2017 likafuata soko la SIDO, hapo hapo Mwanjelwa, usiku. Mwenye kibanda akikumbuka usiku wa namna ile hukumbuka gari: lilikuja saa ngapi, lilikuwa na maji kiasi gani. Tufanye hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000, likifungua mpira unaotoa lita 500 kwa dakika, linamaliza maji kwa dakika 10. Baada ya hapo lazima lipate maji mahali. Bomba la kuchukulia maji ya zimamoto liko mikononi mwa mamlaka ya maji. Upana wa njia ya kupita gari kati ya vibanda hutegemea halmashauri iliyopanga soko. Mbao zilizorundikwa juu ya njia hiyo na mtungi wa gesi wa mama lishe ulio nyuma ya meza ya mitumba ni suala la uongozi wa soko na wafanyabiashara wenyewe. Askari akiondoka kwenda kujaza maji, anayezomewa ni yeye peke yake.

Na umati wenye nia njema, je? Vijana wa sokoni wana nguvu na hawaogopi. Lakini Agosti 10, 2019, pale Msamvu mkoani Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na waliokufa wakazidi 100. Barabara ile ile ya TANZAM ndiyo inayopita katikati ya Mbeya, na malori ya mafuta ya Zambia, Malawi na Kongo hupanda na kushuka hapa usiku na mchana. Mjini, mtu asiye na mafunzo aliyesogea karibu na moto anaongeza idadi ya watu wa kuokolewa. Cha maana anachoweza kufanya ni kupiga 114, kuzima umeme kwenye swichi kuu kama ni salama kuifikia, na kuacha njia wazi. Hili la njia ndilo linalotushinda, kwa sababu sote tunataka kuona, na siku hizi tunataka na kurekodi.

Porini mambo yanageuka. Huko bila mtu wa kutwa hakuna zimamoto.

Kazi yenyewe ilivyo

Shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na eneo lake linazidi hekta 100,000. Ukitoka hapo unaingia kwenye mashamba ya makampuni, na kati yake yapo ya wanavijiji. Watu wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete wamepanda misindano na mikaratusi kila bonde, kama akiba ya ada za watoto na ya uzeeni. Hizo zote ni mali zinazosimama nje miaka 15, 20, bila paa, zikingoja njiti moja ya kiberiti.

Hali ya hewa ya huku inausaidia moto kwa namna ambayo mgeni haitarajii. Juni na Julai ni baridi kali, na kuna usiku ambao umande huganda mabondeni. Nyasi zilizounguzwa na baridi hufa zikiwa zimesimama. Agosti zinakuwa zimekauka, Septemba na Oktoba jua linachoma na upepo unapanda mchana. Wakati huo huo mkulima anasafisha shamba kwa moto ili mvua imkute tayari, mchungaji anachoma nyasi zichipue, na mrina asali anapanda mtini na kijinga cha moto. Chini ya misindano kuna zulia la sindano kavu zenye utomvu, mahali pengine linafika kifundo cha mguu. Sheria ya Misitu ya 2002 ina masharti kuhusu uchomaji huu, lakini upepo hausomi kibali.

Msimu wa kibarua huanza kabla ya moto wenyewe. Mvua zikishakatika, gengi la vibarua huingia kusafisha njia za moto, yaani mistari mipana isiyo na nyasi wala majani inayokatiza shamba ili moto ukifika ukose cha kula. Kazi hii hulipwa kwa kipande: unapimiwa urefu, unafyeka na kuparua mpaka udongo uonekane, mnyapara anapita kukagua, unaandikiwa. Ni kazi ya jembe, panga na reki, na haina mtu wa kuipiga picha. Ukiniuliza, thamani yake inapita ya kuzima moto kwa mbali, na ndiyo inayolipwa bila sifa yoyote.

Baadaye wanachaguliwa wachache. Wapo wa kupanda mnara wa kuangalizia, wanaokaa juu kutwa nzima wakitafuta moshi na kupiga simu au redio. Wapo wa doria kwa pikipiki. Na lipo kundi la kusubiri: vijana wanaokaa kambini au kituoni, lori limeelekezwa barabarani, mabomba ya mgongoni yamejazwa maji. Ni mabomba kama yale ya kupulizia dawa mahindi. Kuna na vipigio, kipande kipana cha mpira kilichofungwa kwenye mpini mrefu. Kisipokuwepo, tawi bichi la mti linafanya kazi.

Moto ukiitwa, mambo mawili yanaamua nani atarudi salama. La kwanza ni mteremko. Moto hupanda mlima upesi kuliko unavyotembea tambarare, kwa sababu ndimi zake zinainama kuelekea nyasi za mbele na kuzikausha kabla hazijaguswa. Wanaofundisha kazi hii hutumia kipimo cha jumla kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko huzidisha kasi ya moto mara mbili. Mtu anayekimbia kupanda kilima huku moto uko chini yake anashindana na kitu kinachoongeza mwendo pale ambapo yeye anapunguza. La pili ni mahali pa kuanzia. Kundi lililofundishwa haliukabili moto usoni. Linaanzia nyuma, ubavuni, likitembea ukingoni karibu na sehemu iliyokwisha kuungua, maana hapo ndipo pa kukimbilia upepo ukigeuka. Linaupiga moto pembeni, linaubana, linausogeza mpaka kichwa chake kiishie kwenye njia ya moto, barabara au mto. Kuwasha moto wa kukutana na ule unaokuja ni mbinu halali, lakini inaagizwa na mtu mmoja tu. Kijana mwenye kiberiti mfukoni aliyeamua peke yake ameshawafungia wenzake katikati ya moto miwili.

Halafu inakuja sehemu ambayo hakuna anayeisimulia. Moto umelala, wenye magari wameondoka, ni saa 8 usiku na baridi ya Mufindi imerudi kama vile hakukuwa na kitu. Ovaroli iliyolowa jasho mchana sasa ni baridi mwilini. Kundi linapita ukingoni mwa jivu, watu wamepanga mstari, kila mmoja anavua glavu na kupitisha mgongo wa kiganja juu ya ardhi, karibu sana bila kugusa. Macho hayatoshi kwa kazi hii. Kaa lililojificha chini ya jivu halina mwanga wala moshi wa kuonekana usiku, lakini ngozi ya mgongo wa mkono inalijua. Pakipatikana joto, wanachimba kwa jembe, wanamwaga maji kidogo, wanakoroga udongo kama uji, wanapapasa tena. Visiki ndivyo wasumbufu. Moto unaingia kwenye mzizi, unatembea chini ya ardhi taratibu, na baada ya siku kadhaa unachomoza upande wa pili wa njia ya moto wakati kila mtu amekwisha lipwa na kwenda kwao. Kundi linaloondoka mapema kwa sababu siku ya malipo imeisha linaacha kazi nusu.

Kuna na wale wasioitwa vibarua kabisa. Kijijini la mgambo likilia, wanatoka wote wenye nguvu, na matawi mabichi na ndoo, na vipo vijiji ambavyo anayebaki nyumbani anatozwa faini. Malipo ni ugali wa pamoja, pengine soda. Kwa moto unaotishia miti ya kijiji, sioni ubaya: mali ni yao, nguvu ni zao. Lakini wanakijiji hao hao wakipandishwa lori kwenda kuokoa shamba la mwekezaji, na mchana wao wote ukalipwa kwa soda, hapo neno "kujitolea" linatumika kumfunika mtu macho.

Je, kusubiri ni kazi?

Tatizo kubwa la kazi hii ndilo hili. Kundi la kusubiri linaweza kukaa wiki nzima bila kuona moshi. Mwajiri anatazama vijana wanacheza bao chini ya mti na kujiuliza analipia nini. Kijana naye hawezi kwenda kulima vinyungu vyake wala kuendesha bodaboda, kwa sababu lori likiondoka bila yeye amekosa kazi. Kila mmoja anaona amedhulumiwa. Kazi ya kiwandani inapimwa kwa kilichotoka mwisho wa siku. Hapa siku bora kuliko zote ni ile ambayo hakuna kilichotokea.

Wenzetu wa mbali wamehangaika na jambo hili hili. Uingereza, vituo vingi vya miji midogo na vijijini huendeshwa na watu wenye kazi zao nyingine, waoka mikate, mafundi, walimu, wanaoitwa kengele ikilia. Wengi hutakiwa kuishi au kufanya kazi umbali wa kama dakika 5 kutoka kituoni. Hulipwa kiasi cha kila mwaka kwa kukubali kuwa tayari, kisha hulipwa tena kwa kila tukio. Yaani kusubiri kuna bei yake na kuzima kuna bei yake. Ufaransa takriban wanne kati ya kila wazimamoto watano ni wa kujitolea, na hupewa posho kwa saa walizotumika. Alaska, huko Marekani, serikali ya jimbo huajiri makundi ya dharura ya moto wa misitu kutoka vijijini, na kwa vijiji vingi visivyo na ajira fedha ya msimu huo imekuwa na uzito sawa na ule wa vibarua vya Mufindi.

Kesi iliyolitoa suala hili waziwazi ilitoka Ubelgiji. Rudy Matzak alikuwa zimamoto wa kujitolea katika mji wa Nivelles. Zamu yake ya kusubiri ikifika alikaa nyumbani kwake, lakini akiitwa alitakiwa awe amefika kituoni ndani ya dakika 8. Mji ulisema yuko nyumbani, kwa hiyo hafanyi kazi. Yeye akasema dakika 8 zimemfunga kamba mguuni. Februari 21, 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana naye: kusubiri nyumbani kwa sharti kali namna ile, linalombana mtu asiweze kupanga muda wake, ni muda wa kazi. Lakini mahakama haikuweka kiwango cha malipo. Hilo iliiachia sheria ya nchi yenyewe.

Hukumu ya Ulaya haiamui kesi ya Mafinga. Ninaileta kwa sababu inatupa kipimo kizuri cha kuuliza: mtu huyu anayesubiri, anaweza kufanya shughuli zake? Kijana aliyeambiwa "nenda kwako, tutakupigia simu, ukija sawa usipokuja sawa" yuko huru, na kulipwa siku anayofika tu ni haki. Kijana aliyeambiwa alale kambini, asitoke, asinywe pombe, buti zikae miguuni, huyo yuko kazini hata kama amelala chali. Kumwandikia siku za moto peke yake na kumfutia nyingine ni kumnyang'anya.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtaji kibarua wa moto, lakini inamgusa sehemu nyingi. Saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Moto ukizuka sheria inalegeza ukomo wa saa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuuambia moto usubiri zamu ya kesho. Wapo wanyapara wanaoielewa dharura hii kuwa ni ruhusa ya kutolipa. Kulegeza ukomo wa saa ni kitu kimoja, kufuta malipo ya saa hizo ni kingine.

Kipengele kinachowaponyoka wengi ni cha likizo. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida hana likizo ya malipo. Lakini anayerudi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka mmoja, na jumla ya vipindi vyake ikapita miezi 6, anaistahili. Sasa fikiria kijana aliyefyeka njia za moto kuanzia Aprili hadi Juni, akapumzika wiki kadhaa, akaitwa kundi la kusubiri Agosti hadi Novemba. Kwenye daftari la mwajiri anaonekana ni vibarua wawili wa muda mfupi. Kisheria ni mtu mmoja aliyevuka mstari. Vilevile sharti la kupewa maelezo ya ajira kwa maandishi halimhusu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo, na kwa hiyo linamhusu huyu anayekaa kambini mwezi mzima. Daftari dogo la kuandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la mnyapara aliyekuwepo lina thamani kuliko mashahidi watatu wanaoogopa kukosa kazi msimu ujao.

Mwili wa nani?

Mwaka 2013, Juni 30, kundi la wazimamoto wa misitu la mji wa Prescott, jimbo la Arizona nchini Marekani, lilizingirwa na moto eneo la Yarnell Hill. Walikufa 19. Kundi hilo lilikuwa sehemu ya idara ya zimamoto ya mji, jambo ambalo si la kawaida huko, kwani makundi mengi ya namna hiyo ni ya serikali kuu. Wote 19 walivaa sare moja, walibeba uzito mmoja, walifia mahali pamoja. Ila kwenye vitabu vya mji, 6 walikuwa waajiriwa wa kudumu na 13 walikuwa wa msimu. Familia za wale 6 ziliingia kwenye pensheni na bima ya mji. Za wale 13 zikaambiwa hapana, na baadhi yake zikaingia kwenye mvutano mrefu. Zote zilipata fidia nyingine za serikali, lakini tofauti ya mstari mmoja kwenye mkataba ilionekana baada ya mazishi, wakati haiwezi tena kurekebishwa na mwenye jina lake.

Kwetu, mahali pa kuangalia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Mchango hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti, na mwajiri anayemkata ameshavunja sheria. Kibarua aliyeajiriwa kwa shughuli za mwajiri naye ni mfanyakazi kwa maana ya mfuko huu. Aliyeungua mkono akipiga moto, aliyeangukiwa na mti uliolika mzizi, aliyepinduka na lori usiku wakirudi, wote wanahusika. Kinachowaangusha ni taarifa. Mwajiri anatakiwa kuupa mfuko taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na madai yakikaa zaidi ya miezi 12 yanaweza kupotea. Mwajiri ambaye hakumwandikisha kibarua mahali popote ana kila sababu ya kumpeleka zahanati kimyakimya, kulipia dawa, kumpa nauli na elfu 20, kisha kumwambia apumzike. Kijana anaona amefanyiwa wema. Mwaka ukipita na mkono haukunjuki, hana pa kwenda.

Moshi ni mgumu zaidi kuuthibitisha. Kuungua kunaonekana, lakini kikohozi kilichoanza baada ya misimu mitatu hakina tarehe ya ajali. Hapo ndipo vifaa vinapokuwa na maana kuliko fidia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na bila kumtoza mfanyakazi. Kwa moto wa msitu hii ni buti za ngozi, si za plastiki ya shambani zinazoyeyuka na kung'ang'ania mguu. Ni ovaroli nzito ya pamba, kwa sababu jezi ya nailoni ya Simba au Yanga ikishika moto inageuka gundi mwilini. Ni kofia ngumu, miwani, glavu za ngozi na maji ya kunywa ya kutosha, ambayo wengi hawayahesabu kuwa kifaa. Kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa puani kinazuia majivu makubwa, hakizuii gesi ya moto, na kikipata joto kali mvuke wake unaunguza koo. Ukimwona mnyapara anagawa vitambaa vyenye maji kama ndiyo kinga yote, umeshajua thamani anayokupa.

Kuna wanaosema haya yote yatafanya waajiri waache kuchukua vijana wa kijijini na kuleta makampuni yenye watu wachache na mashine. Inawezekana. Ila mashine haipapasi jivu usiku, na mwenye shamba analijua hilo kuliko mtu yeyote. Bei ya kundi zima la kusubiri kwa msimu mmoja, buti na mchango wa mfuko vikiwemo, ni ndogo mbele ya kitalu kimoja cha misindano iliyobakiza miaka 2 kuvunwa.

Malipo yakigoma, mlango wa kubisha ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi mikoani, Mbeya na Iringa zikiwemo. Hakuna haja ya wakili ili kufungua shauri. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko, na kwa madai mengine, kama ya saa za ziada au siku za kusubiri ambazo hazikuandikwa, ni siku 60. Ukihesabu tangu mvua za kwanza za Novemba, kundi linapovunjwa na watu wanarudi kulima, siku hizo 60 zinaishia Januari, wakati wa palizi, na wengi huzikumbuka zikiwa zimekwisha pita.